Kibaha na Barabara ya Kulipia

Leo nazungumzia barabara ambayo bado haijajengwa, na nimechagua kuizungumzia sasa hivi kwa sababu hiyo hiyo. Ikishajengwa, maneno mengi nitakayoyasema hapa hayatakuwa na kazi tena.

Ni barabara ya haraka, ya kulipia, iliyopangwa kuanzia Kibaha kwenda Chalinze na kuendelea hadi Morogoro. Serikali imekuwa ikiitaja kwa miaka mingi, bungeni na kwenye mikutano ya wawekezaji. Kipande cha Kibaha hadi Chalinze kina urefu wa karibu kilomita 80, na mpango ni kukijenga kwa ubia: mwekezaji binafsi anatoa fedha, anajenga, kisha anarudisha fedha zake kwa tozo ya magari yanayopita.

Sitaipinga. Anayeipinga hajawahi kukaa kwenye basi pale Mlandizi mwishoni mwa Desemba, saa mbili bila gari kusogea, watoto wanalia na maji yamekwisha. Barabara ya Morogoro inabeba mabasi ya karibu nchi nzima, na juu yake inabeba mizigo ya bandari ya Dar es Salaam inayokwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Hata anayekwenda Tanga, Moshi au Arusha kwa njia kuu lazima apite hapo mpaka Chalinze ndipo akunje kulia. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imetupunguzia adha ya safari, lakini malori yako pale pale. Kwa hiyo barabara inahitajika.

Lakini kati ya Kibaha na Chalinze hakuna pori tupu. Kuna Maili Moja, Picha ya Ndege, Kongowe, Visiga, Mlandizi, Vigwaza. Kibaha yenyewe siku hizi ni kitongoji cha Dar es Salaam kwa kila hali isipokuwa mipaka ya mkoa. Mtu anafanya kazi Kariakoo au Posta, ananunua kiwanja Kibaha kwa sababu mjini hakipatikani tena, anajenga kidogo kidogo kwa miaka minane, leo tofali, mwakani bati. Mtu huyo akisikia redioni kwamba barabara kubwa inakuja, swali lake ni moja: inapita wapi?

Na swali hilo, ndugu zangu, halijibiwi upesi. Ndiyo hoja yangu ya leo. Watu wa pembezoni mwa barabara mpya huumizwa zaidi na miaka ya kusubiri kuliko siku ya greda. Wanaweza kuepushwa sehemu kubwa ya maumivu hayo kama mchoro utawekwa wazi mapema, wakati bado unasogezeka.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na watu wa Kibaha hawahitaji kwenda mbali kumkumbuka nyoka. Mwaka 2017, ili kupata nafasi ya kupanua barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, nyumba zilivunjwa Kimara, Mbezi, Kibamba na Kiluvya. Zilivunjwa nyumba za kuishi, maduka, vituo vya mafuta, makanisa na misikiti. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulisema hifadhi ya barabara katika eneo lile ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kwamba aliyejenga ndani yake amevamia, hivyo hana fidia. Wakazi walijibu kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inasema mita 30 kila upande. Wapo waliosema familia zao zilipelekwa pale na Serikali yenyewe enzi za vijiji vya ujamaa. Wengine walikuwa na hati. Wengine walikuwa na kesi mahakamani.

Leo ile barabara ipo, ni nzuri, ina njia nane, na mimi hupita juu yake kama wengine. Sitaki kurudia kesi ya nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba kati ya mita 30 na mita 121.5 ndimo yalimokaa maisha ya watu kwa miongo kadhaa, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na bikoni ambayo mnunuzi wa kawaida angeiona na kusema, kumbe hapa siyo. Mwenyekiti wa mtaa alishuhudia mauziano na kugonga muhuri, umeme ukaletwa, maji yakaletwa, kodi ya jengo ikapokelewa. Kila ofisi iliyopita pale ilimwambia mwenye nyumba, kwa vitendo vyake, kwamba yuko mahali halali.

Kuna jambo jingine ambalo wasikilizaji wa mikoa yote wanalijua. Sheria ya 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu, kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Hapo ndipo zilipozaliwa zile alama mbili ukutani. X nyekundu maana yake umo ndani ya mita za zamani, umeifuata barabara, ondoka bila malipo. X ya kijani maana yake barabara ndiyo imekufuata wewe, uko kwenye zile mita saba na nusu zilizoongezwa, utalipwa. Kwa maneno, mwenye X ya kijani ana bahati. Kwa maisha, wapo waliokaa na rangi hiyo ukutani mpaka imepauka, mwaka baada ya mwaka, fidia haijaja na barabara haijapanuliwa.

Fikiria nyumba yenye alama ile. Benki haiikubali kama dhamana. Mnunuzi akiiona anageuza. Mpangaji anayelipa vizuri anahama, anabaki yule anayelipa akipenda. Bati likivuja mwenye nyumba anajiuliza aweke jipya la nini, na mtoto wa kiume aliyetaka kuongeza chumba nyuma anaambiwa subiri. Nyumba inazeeka kwa amri ya rangi. Siku mthamini anapokuja, anakuta nyumba chakavu, na anaithamini kama chakavu. Katika hesabu yote ya fidia sijaona mstari unaolipia miaka hiyo.

Hesabu yenyewe ya fidia, kwa upande wa sheria, si mbaya. Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu na kukataza kunyang'anywa bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zikafafanua. Unalipwa thamani ya ardhi na nyumba kwa bei ya soko. Unalipwa posho ya usumbufu. Unalipwa posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba ya kiwango hicho kwa miezi 36. Unalipwa usafiri wa mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Na kama una biashara pale, unalipwa faida ya mwezi mara 36. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza meno: malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanaanza kudai riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila kulipwa unakufa, unafanywa upya.

Lisikilize vizuri hilo la faida ya biashara, kwa sababu ndipo watu wengi wa Maili Moja na Mlandizi wanapoangukia. Kanuni inazungumzia faida inayothibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi. Mama lishe hana mkaguzi. Fundi pikipiki hana. Anayeuza maembe na nanasi kwa abiria wa mabasi hana hata kibanda cha kudumu, na wateja wake ni basi linalosimama. Barabara ya haraka haina basi linalosimama. Huyu hatavunjiwa chochote, hatakuwa na X ya rangi yoyote, lakini atapoteza riziki siku mabasi yatakapohamia barabara mpya. Wapangaji nao ni hivyo hivyo: posho ya makazi inamfuata mwenye nyumba, mpangaji anafungasha na kuondoka kimya. Katika mji wa Kibaha, wapangaji na wafanyabiashara wadogo ni wengi mno kuachwa nje ya mazungumzo kwa sababu tu hawana hati.

Wahandisi wana jibu lao kuhusu kutangaza mchoro mapema, na ni jibu la kweli. Wanasema ukitangaza mapema, watu watategesha. Msikilizaji asiyelijua neno hili, kutegesha ni kujenga kibanda cha haraka haraka au kupanda miche ya mikorosho usiku na mchana mahali unapojua mradi unapita, ili ulipwe. Yametokea kwenye migodi, yametokea kwenye barabara. Lakini dawa yake inajulikana na iko mikononi mwa Serikali: tarehe ya ukomo. Unapiga picha za anga, unatangaza kwamba kilichokuwepo hadi tarehe fulani ndicho kitakachothaminiwa, unabandika orodha ofisi ya mtaa. Kazi hiyo inachukua wiki chache. Kuficha mchoro hakuzuii kutegesha hata kidogo, maana wanaotegesha ndio wenye jamaa ofisini na wanaujua mchoro kabla ya wote. Anayefichwa ni yule mwalimu mstaafu aliyetumia kiinua mgongo chake kununua kiwanja Visiga wiki iliyopita, kwenye njia ya barabara, mikononi mwa dalali anayejua.

Sasa tutoke kwenye nyumba zinazovunjwa, twende kwa zinazobaki. Hawa hawahesabiwi sana, na kwa idadi ndio wengi.

Barabara ya haraka huzungushiwa uzio. Lazima, kwa sababu gari linakwenda kasi na ng'ombe au mtoto hatakiwi kuonekana pale. Magari yanaingia na kutoka sehemu chache tu. Kwa dereva anayetoka Dar kwenda Dodoma hiyo ni raha. Kwa mtaa uliokatwa katikati, shule iko upande mmoja na nyumba upande wa pili, kisima upande huu na shamba upande ule. Leo mama anavuka barabara ya Morogoro kwa kukimbia, kwa hatari, lakini anavuka. Kesho atatembea kilomita ngapi hadi kwenye daraja la kuvukia?

Majirani zetu wa Kenya walishalipitia somo hili. Barabara ya Thika, kutoka Nairobi, ilikamilika mwaka 2012, njia nane na zaidi, na ilikuwa fahari ya ukanda huu. Waenda kwa miguu wengi waligongwa pale. Madaraja ya kuvukia mengine yalichelewa, mengine yaliwekwa mbali na mahali watu wanapovukia kila siku, na mtu aliyechoka, mwenye mzigo kichwani, hapandi ngazi na kurudi nyuma nusu kilomita wakati anaiona nyumba yake upande wa pili. Unaweza kumlaumu, unaweza kumpiga faini, atavuka tu. Daraja la waenda kwa miguu huwekwa palipo na njia ya miguu. Njia hizo hazionekani zote kwenye picha ya anga. Zinajulikana na watoto wa shule, na bodaboda, na mjumbe wa mtaa. Mtu wa kuzionyesha yupo. Aulizwe.

Hapo Kibaha ndipo ilipo Hospitali ya Tumbi, ambayo kwa miaka mingi imepokea majeruhi wa ajali za barabara ya Morogoro. Madaktari na wauguzi wa pale wanajua kuliko mtu yeyote ni wapi watu wanagongwa na saa ngapi. Ningependa kuona mhandisi wa barabara hii akikaa nao kabla hajaweka kalamu chini.

Maji nayo. Barabara iliyoinuliwa inakuwa tuta, na mvua za masika zikija maji yanatafuta pa kupita. Kalavati likiwa dogo, mtaa wa juu unageuka bwawa. Mtaro ukiishia hewani, maji ya kilomita nzima yanamwagwa kwenye uwanja wa mtu mmoja. Wakazi wa kando ya barabara zetu nyingi wanaijua hadithi hii, na karibu kila mara mkandarasi ameshaondoka na muda wa uangalizi umekwisha. Kelele za malori usiku sitazieleza sana. Aliyelala karibu na mizani anazijua.

Nije kwenye tozo, kwa sababu hapa wananchi wengi wanadhani ni jambo la baadaye. Tozo huamuliwa kwenye mkataba, na mkataba husainiwa kabla ya kokoto ya kwanza. Tunalo daraja la Nyerere pale Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016. Wakazi wa Kigamboni walilalamikia malipo kwa miaka, mpaka mwaka 2022 Serikali ikayapunguza. Daraja lile linamilikiwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, taasisi ya umma, ndiyo maana Serikali iliweza kuagiza. Mwekezaji binafsi haagizwi hivyo; ukimpunguzia tozo, mkataba utakudai fidia. Kule Nairobi, barabara ya juu inayotoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilianza kutumika mwaka 2022, na kufikia Januari 2024 tozo ya gari dogo kwa safari nzima ilikuwa imepanda kutoka shilingi 360 hadi 500 za Kenya.

Na kuna mtego ambao napenda kila diwani na kila mbunge wa mkoa wa Pwani aujue. California, Marekani, mwaka 1995 kampuni binafsi ilifungua njia za kulipia katikati ya barabara kuu namba 91, Orange County. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kinachoikataza serikali kuboresha barabara ya bure iliyo kando, ili watu wasiikimbie ya kulipia. Foleni zikazidi, njia ya bure ikawa mateso, na mikono ya serikali ilikuwa imefungwa. Mwaka 2003 mamlaka ya usafiri ya pale ililazimika kuzinunua zile njia kwa dola milioni 207.5 ili ijipatie tena uhuru wa kutengeneza barabara yake yenyewe.

Barabara yetu ya Morogoro ya sasa ndiyo itakayobaki ya bure. Ndiyo ya daladala, ya bodaboda, ya lori la mkaa na la matofali, ya mgonjwa anayekimbizwa Tumbi kwa bajaji. Kama mkataba wa ile ya kulipia utakuwa na kifungu cha namna hiyo, basi mashimo ya hii ya bure yatakuwa na ulinzi wa kisheria. Wabunge waombe kuusoma mkataba kifungu kwa kifungu kabla ya saini, na wawaambie wapiga kura wao walichokisoma.

Nimalizie na jambo la kufanya, kwa wasikilizaji wangu wa Kibaha, Mlandizi na Vigwaza. Mradi wa ukubwa huu hauwezi kupita bila tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na baraza la taifa la mazingira, NEMC, ndilo msimamizi. Kanuni za mwaka 2005 zinataka muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili pia. Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano, muulizeni mwenyekiti wa mtaa ule muhtasari uko wapi, na uwe umebandikwa kabla ya siku ya mkutano. Nendeni mapema, nendeni kina mama pia, maana mikutano hii huwekwa asubuhi siku ya kazi na wanaofika ni wazee wachache. Beba nakala ya mkataba wako wa mauziano, risiti za kodi ya jengo, picha ya nyumba yenye tarehe. Mwenye makaburi ya familia kwenye kiwanja chake, na Pwani tuko wengi, aorodheshe ni ya nani na yako upande gani, kwa sababu kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 na gharama za kuhamisha na za mazishi upya ni haki ya familia, ila atakayekumbusha ni wewe. Mwenye biashara ndogo aanze leo kuandika mauzo yake kwenye daftari, kila siku, hata kwa penseli.

Na mhandisi akisimama na ile ramani kubwa ya rangi, msimwache akae chini baada ya kuonyesha faida. Mwambieni aonyeshe kwa kidole mahali barabara itakapovukwa na mtoto wa darasa la pili. Mwambieni ataje mita ngapi kutoka katikati, na tarehe ya ukomo ni lini. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, mwenyekiti na mhandisi wasaini wote wawili, nakala moja ibaki ofisi ya mtaa ambako yeyote anayetaka kununua kiwanja anaweza kuiomba na kuisoma.